Takwimu za wahamiaji: Dunia inajua nini kuhusu mwambao wa Ziwa Nyasa?

Na Mwandishi Wetu

MTANDAO wa kimataifa wa kukusanya na kubadilishana taarifa za wahamiaji umekua kwa kasi katika kipindi cha miaka 20 iliyopita. Una ofisi Geneva, Nairobi, Rabat na hata Moshi mkoani Kilimanjaro. Una ramani, hifadhidata na wataalamu. Hata hivyo, ukipimwa kwa kipimo cha mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi, Liuli na Mbamba Bay hadi Chiwindi mpakani mwa Msumbiji, swali moja linabaki palepale: taarifa hizo zinamsaidia nani, na zinamfikia lini?

Swali hilo si la wasomi peke yao. Njia inayowatoa vijana wa Ethiopia na Somalia katika vijiji vyao na kuwapeleka Afrika Kusini inapita ndani ya Tanzania, kisha huingia Malawi, Zambia au Msumbiji. Wengi huelekea Mbeya na Songwe. Lakini ziwa liko pale pale, wazi, na boti ni nyingi. Kila mlango wa nchi kavu unapobanwa, macho ya wasafirishaji hugeukia majini.

Juni 2012 ilitoa somo lililostahili kukumbukwa. Katika mwezi huo mmoja, boti iliyobeba raia wa Ethiopia ilizama Ziwa Nyasa upande wa Karonga, kaskazini mwa Malawi, na watu wasiopungua 47 wakafa maji. Siku chache baadaye, maiti za Waethiopia zaidi ya 40 waliokosa hewa ndani ya lori zilikutwa zimetupwa porini mkoani Dodoma. Waliozama na waliokosa hewa walikuwa safarini kuelekea kusini, katika njia ileile, na Tanzania ilikuwa katikati yake.

Vifo havikukoma. Machi 24, 2020, maofisa wa Msumbiji walifungua kontena la lori mkoani Tete na kukuta maiti 64 za watu walioaminika kuwa ni Waethiopia, huku 14 wakiwa hai. Lori hilo lilikuwa limetokea Malawi. Oktoba 2022, kaburi la pamoja liligunduliwa Mzimba, kaskazini mwa Malawi, likiwa na miili 25, na idadi ikaongezeka hadi takriban 30 baada ya kufukua zaidi. Desemba mwaka huohuo, miili 27 ilikutwa kando ya barabara katika viunga vya Lusaka, Zambia.

Mambo yote hayo yamo katika kumbukumbu za dunia. Tatizo ni kwamba yaliingia humo baada ya watu kufa.

Mtandao wenyewe ni upi?

Anayezungumzia mtandao wa taarifa za wahamiaji asifikiri ni chombo kimoja chenye mlango mmoja. Ni vyombo vingi vilivyofungamana, vingine vya serikali, vingine vya mashirika, na kila kimoja kina kazi yake.

Kinara ni Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), lililoingia rasmi katika familia ya Umoja wa Mataifa mwaka 2016. Shirika hilo lina mfumo wa kufuatilia watu waliohama na wanaohama ujulikanao kama DTM, ulioanzia Iraq mwaka 2004. Lina pia mradi wa kuhesabu wahamiaji waliokufa au kupotea, ulioanzishwa kufuatia vifo vya watu 368 katika bahari ya kisiwa cha Lampedusa, Italia, Oktoba 2013. Aidha, tangu mwaka 2009 limekuwa likizipatia serikali mfumo wa kompyuta wa kusajili wasafiri mipakani, uitwao MIDAS, unaotumika katika nchi zaidi ya 20.

Mwaka huohuo wa 2009, kwa ombi la Serikali ya Tanzania, IOM ilifungua mjini Moshi kituo cha kuwajengea uwezo maofisa uhamiaji wa Afrika. Maofisa kutoka pembe zote za bara hufundishwa pale namna ya kukagua hati, kuendesha mipaka na kutunza takwimu. Kwa maneno mengine, Tanzania si mgeni katika mtandao huu. Ni mwenyeji wa chuo chake.

Kwa upande wa serikali, nchi za kusini mwa Afrika zina jukwaa lao la majadiliano juu ya uhamaji, MIDSA, lililoanzishwa mwaka 2000, ambamo Tanzania, Malawi na Msumbiji zote ni wanachama. Umoja wa Afrika nao ulizindua Rabat, Morocco, Desemba 2020, kituo cha kufuatilia uhamaji barani. Nairobi kuna kituo cha kanda cha takwimu cha IOM, na wapo watafiti wa Mixed Migration Centre, waliorithi mwaka 2018 kazi ya sekretarieti ya kanda iliyofunguliwa mwaka 2011.

Juu ya vyote hivyo kuna makubaliano ya dunia kuhusu uhamaji yaliyopitishwa Marrakech, Desemba 2018. Yana malengo 23, na la kwanza kabisa ni kukusanya na kutumia takwimu sahihi ili sera zitungwe kwa ushahidi badala ya hofu.

Kwa orodha hiyo, mtu angetegemea kwamba hakuna kinachopita bila kuonekana. Hali halisi ni tofauti.

Makadirio juu ya makadirio

Mwaka 2009 IOM ilichapisha utafiti mkubwa kuhusu wanaume wanaosafirishwa kwa magendo kutoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika kwenda Afrika Kusini. Ulikadiria kuwa ni kati ya watu 17,000 na 20,000 kwa mwaka, na kwamba biashara hiyo iliwaingizia wasafirishaji kiasi cha Dola za Marekani milioni 40. Miaka minane baadaye, mwaka 2017, utafiti mwingine wa kanda ulikuja na makadirio ya watu 13,400 hadi 14,050 kwa mwaka.

Je, idadi ilipungua? Au njia zilibadilika, watu wakajificha zaidi na watafiti wakawakosa? Takwimu hizo haziwezi kujibu. Zote mbili zilitokana na mahojiano na watu wenye uzoefu wa njia hiyo, si hesabu ya vichwa. Huo ndio udhaifu wa kwanza wa mtandao huu katika njia ya kusini: unategemea makadirio, na makadirio mapya hujengwa juu ya yale ya zamani.

Njia ya mashariki, inayovuka kutoka Djibouti na Somalia kwenda Yemen na Saudi Arabia, imepata vituo vingi vya kuhesabu watu, fedha nyingi na waandishi wengi. Njia ya kuvuka Sahara na Mediterania imepata zaidi, kwa sababu inagusa Ulaya. Njia ya kusini haimtishi mfadhili yeyote mkubwa, kwa kuwa mwisho wake ni Johannesburg. Anayelipa ndiye anayechagua mahali pa kuhesabu.

Hata pale panapohesabiwa, yafaa kuelewa namna kazi inavyofanyika. Karani wa DTM huwekwa mahali penye watu wengi wanaopita: kituo cha mabasi, kivuko, njia panda. Huwatazama na kuwauliza wanaokubali kuulizwa. Njia hiyo hufaa sana kwa mfanyabiashara mdogo, kwa familia inayokimbia vita, kwa kibarua wa msimu. Haifai kwa kijana aliyelala chini ya turubai ndani ya lori, wala kwa abiria wa boti inayoondoka ufukweni usiku bila taa. Anayehitaji kuonekana zaidi ndiye asiyeonekana.

Mradi wa kuhesabu vifo nao una mpaka wake. Hutegemea vyombo vya habari, taarifa za serikali, mashirika na simulizi za walionusurika. Kwa mwaka 2024 uliandika vifo 8,938 duniani kote, idadi kubwa kuliko mwaka wowote tangu uanze. IOM yenyewe husema hicho ni kiwango cha chini. Katika ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, upana unaofikia kilomita 75 na kina cha kiasi cha meta 700, mtu anaweza kuzama na asiandikwe popote.

Ziwa lisilo na mstari

Mwambao wa Nyasa una ugumu wake wa pekee. Mpaka wa Tanzania na Malawi ndani ya ziwa haujakubaliwa hadi leo.

Malawi husimamia mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani na kudai kuwa maji yote ni yake hadi ufukwe wa Tanzania. Tanzania hushikilia kuwa mpaka ni katikati ya ziwa. Mgogoro huo uliwahi kuchemka miaka ya 1960, enzi za Mwalimu Julius Nyerere na Kamuzu Banda, na ukachemka tena mwaka 2012 baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta. Suala likapelekwa kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, na halijapata mwisho.

Katika hali hiyo, neno kuvuka mpaka lina maana gani kwa mvuvi wa Mbamba Bay? Anatupa nyavu za usipa usiku, upepo unambadilishia mwelekeo, na alfajiri yuko karibu na boti za Nkhata Bay. Je, ameingia Malawi? Kwa sheria ya nani? Na anayezama katikati ya ziwa huandikwa upande gani?

Mfumo wa taarifa unaohitaji mstari ili kujua nani ametoka na nani ameingia hauna pa kushika katika maji hayo. Nchi mbili zisizokubaliana mpaka uko wapi zitaona ugumu kubadilishana taarifa za anayeuvuka, kwa kuwa kila fomu inayojazwa inaweza siku moja kuwekwa mezani kama ushahidi wa madai.

Kisha kuna undugu. Wanyasa wapo Tanzania, wapo Malawi, wapo Msumbiji na katika kisiwa cha Likoma. Harusi, misiba na ibada vimewavusha ziwa kwa vizazi vingi, tangu kabla ya misheni ya Kianglikana kuweka makao yake Likoma mwaka 1885. Mfumo unaomweka mama anayekwenda kuzika ndugu yake katika kapu moja na msafirishaji wa binadamu utapoteza imani ya wote wawili, na kwa huyo mama utakuwa umepoteza shahidi.

Liuli, Lundo na kumbukumbu ya wazee

Mwambao huu umewahi kufundisha thamani ya habari inayofika kwa wakati. Agosti 1914, meli ya Waingereza, Guendolen, iliifuata meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikokuwa imepandishwa nchi kavu Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, na kuifyatulia mizinga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imeanza. Mwenzake wa Kiingereza alikwisha kuarifiwa. Tofauti kati yao haikuwa nguvu ya mizinga, bali nani alipata ujumbe kwanza.

Historia ina somo jingine, nalo ni la nani anamiliki daftari. Wakati wa ukoloni, Ruvuma ilikuwa ghala la vibarua. Wangoni, Wamatengo na Wanyasa walikwenda Tanga kukata mkonge kama manamba, na tangu mwaka 1944 shirika la waajiri wa mkonge, SILABU, liliratibu kazi ya kuwaandikisha. Wengine kutoka kusini mwa Tanganyika walichukuliwa na WENELA kwenda migodini Afrika Kusini, hadi Serikali ya Uhuru ilipofunga mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mashirika hayo nayo yalikuwa mitandao ya taarifa za wahamiaji, tena iliyopangika. Kibarua aliandikwa jina, kijiji na mkataba. Lakini daftari lilikuwa la mwajiri. Lilimsaidia kujua watu wake wako wapi, si kumsaidia kibarua kujua haki zake. Hadi leo neno manamba, yaani mtu wa namba, halisemwi kwa heshima.

Upande wa pili wa sarafu ni Lundo, kando ya ziwa, ambako miaka ya 1960 walipokewa wakimbizi wa Msumbiji waliokimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno. Huko, kama ilivyokuwa Muhukuru wilayani Songea, kuandikishwa kulikuwa na maana ya shamba, chakula na shule. Watu hawakukimbia daftari, walilifuata.

Hapo ndipo kilipo kiini cha tathmini yoyote ya haki. Mhamiaji hujitokeza kuhesabiwa pale kuhesabiwa kunapomletea nafuu. Pale kunapomletea pingu, hujificha.

Gereza na kompyuta

Kwa miaka mingi jibu kuu la Tanzania kwa Waethiopia wanaokamatwa njiani limekuwa mahakama, faini na kifungo. Ukubwa wa jambo hilo ulionekana Januari 2021, pale Rais John Magufuli alipowaachia huru wafungwa 1,789 raia wa Ethiopia wakati wa ziara ya Rais Sahle-Work Zewde huko Chato. Idadi hiyo ni ya watu wa taifa moja, katika magereza ya nchi ambayo wengi wao hawakukusudia kukaa hata mwezi.

Kila mmoja wao alikuwa na habari: nani alimpokea mpakani, alilipa kiasi gani, lori lilikuwa la nani, alilala nyumba ipi. Mtu aliyefungwa kwa kosa la kuingia nchini bila kibali hana sababu ya kusimulia hayo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamtambua aliyesafirishwa kwa hila au nguvu kuwa mhanga anayestahili ulinzi. Lakini ili atambuliwe, lazima ahojiwe na mtu anayeielewa lugha yake na anayejua tofauti kati ya aliyesafirishwa kwa kutumikishwa na aliyelipa nauli ya magendo. Kazi hiyo haifanywi na kompyuta.

Serikali imewekeza katika teknolojia. Januari 31, 2018 ilizinduliwa pasipoti ya kielektroniki pamoja na mfumo wa uhamiaji mtandao. Hatua hiyo imesaidia viwanja vya ndege na vituo vikubwa vya mipakani. Mwambao una bandari chache na fukwe nyingi, na boti haihitaji gati ili kushusha watu.

Suala la usiri nalo limepata sura mpya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti juu ya kukusanya taarifa za mtu na kuzipeleka nje ya nchi. Hivyo, karani anayemhoji mhamiaji Mbamba Bay na kutuma majibu Nairobi au Geneva hafanyi tena jambo lisilo na sheria. Mkimbizi wa Msumbiji aliyekimbia mapigano ya Cabo Delgado, yaliyoanza Oktoba 2017, ana haki ya kujua kama jina lake litaishia kwenye mgawo wa chakula au kwenye meza ya wale aliowakimbia.

Alama kwa kila somo

Ukitaka kuutendea haki mtandao huu, usiupe alama moja.

Katika kuijulisha dunia kwamba njia ya kusini ipo na inaua, umefaulu. Bila tafiti za 2009 na 2017 na bila daftari la vifo, misiba ya Dodoma, Karonga, Tete, Mzimba na Lusaka ingebaki habari za siku moja zisizohusiana. Kuiunganisha na kuonyesha kuwa ni mnyororo mmoja ni kazi yenye thamani.

Katika kuwafunza maofisa, nao umefaulu kwa kiasi, na Moshi ni ushahidi.

Katika kasi, umeshindwa. Taarifa husafiri kutoka mwambao kwenda makao makuu, hukaa miezi, kisha hurudi kama ripoti ya Kiingereza ambayo mtendaji wa kijiji cha Liuli hataiona. Mtandao unaochota bila kurudisha haustahili kuitwa wa kubadilishana.

Katika kudumu, uko mashakani. Machi 2025, baada ya Marekani kukata misaada, IOM ilitangaza kupunguza wafanyakazi wa makao makuu kwa asilimia 20 na kwamba mabadiliko hayo yangewagusa watumishi zaidi ya 6,000 duniani. Fedha zikikauka, vituo vya kuhesabu kwenye njia zisizo na mfadhili ndivyo huwa vya kwanza kufungwa. Nchi iliyotegemea macho ya kuazima itabaki kipofu.

Dawa iko karibu

Jambo la kutia moyo ni kwamba mwambao hauhitaji kuanza na mitambo ya gharama. Tayari una mtandao wake. Kila kijiji kina mwenyekiti na mtendaji, na utaratibu wa kuandikisha mgeni anayelala ni wa miaka mingi. Kwenye mialo kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vinavyojua ni boti ipi ni ya nani na ipi imetoka usiku bila nyavu. Wavuvi wa pande tatu za ziwa wana simu, na kwa hali ya hewa tu huarifiana kila siku.

Kinachokosekana ni uzi wa kuwaunganisha na mamlaka bila kuwageuza wapelelezi. Boti iliyozidiwa na watu ni hatari ya kuokoa maisha kwanza, kisha ndiyo kesi ya jinai. Iwapo Mbamba Bay, Nkhata Bay na Cóbuè zitakubaliana kupeana taarifa za boti iliyo hatarini ndani ya saa moja, hilo litafanyika bila nchi yoyote kuacha dai lake juu ya mpaka, na litaokoa watu wengi kuliko ripoti kumi. MIDSA, ambamo nchi zote tatu zinakaa meza moja, ni mahali panapofaa kuanzia.

Muda nao hausubiri. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga imeshusha safari ya milimani hadi Mbamba Bay kuwa ya muda mfupi. Bandari mpya inajengwa ili kahawa ya Mbinga, makaa ya mawe na bidhaa za Malawi vipite katika Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara. Biashara itakua, na ni heri kwa wakazi wa Ruvuma. Lakini barabara haichagui abiria. Ile inayoleta mzigo halali italeta pia lori lenye watu chini ya turubai.

Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, bado ina nafasi ya kuweka utaratibu wake kabla msongamano haujafika. Ikisubiri, itakuja kujulikana kama Karonga ilivyojulikana Juni 2012: kwa idadi ya majeneza.